Waswahili wa London Hawahitaji Kisanduku

Kila baada ya miaka kumi wakazi wa London huhesabiwa, na kila matokeo yatokapo Waswahili wanaoishi humo huyafungua kwa hamu, hujitafuta ndani yake, hujikosa, kisha hulalamika. Malalamiko yana haki. Dawa inayopendekezwa ndiyo mbovu. Katika vikao vya jumuiya, barazani baada ya khitma, hata miongoni mwa wasomi ambao wangetarajiwa kujua zaidi, dai husikika lilelile: Waswahili nao wapewe kisanduku chao katika swali la asili, wakitie alama, wahesabike na watambulike. Dai hilo lina utamu wake, na pengine ndiyo sababu limeachwa lipite bila kujibiwa. Linafaa lijibiwe, kwani likikubaliwa litakimaliza kile kile linachosema linataka kukiokoa.

Kwanza jedwali lenyewe. Siku ya sensa, tarehe 21 Machi 2021, London ilikuwa na watu milioni 8.8. Walioandikwa kuwa Waingereza weupe hawakufika hata wanne katika kila kumi; walikuwa asilimia 36.8. Zaidi ya watu 40 katika kila 100 walikuwa wamezaliwa nje ya Uingereza. Waliowekwa chini ya Uasia walikuwa asilimia 20.7, na waliowekwa chini ya weusi, wa Afrika na wa visiwa vya Karibi pamoja, asilimia 13.5. Tarakimu hizi hunukuliwa kila uchao, na wanaozinukuu huzitamka kana kwamba ni mvua, kitu kilichoshuka chenyewe. Hazikushuka. Swali la asili halikuwamo kabisa katika sensa ya Uingereza kabla ya mwaka 1991. Kisanduku cha Waarabu kilitiwa mwaka 2011. Kisanduku cha Waroma, kwa maana ya jamii ile ya wahamaji wa Ulaya na si watu wa mji wa Roma, kilitiwa mwaka 2021, na kilipatikana baada ya maombi 55 ya visanduku vipya kuchambuliwa na Ofisi ya Takwimu ya Taifa. Wasomali nao waliomba. Walichopewa ni nafasi ya kuandika wenyewe chini ya kichwa cha Waafrika. Kila kisanduku, basi, kina tarehe yake ya kuzaliwa, na nyuma ya kila tarehe pana watu waliokaa mezani wakashauriana nani aonekane na nani asubiri.

Sasa aingie Mswahili katika jedwali hilo. Ataingia kwa mlango upi?

Ichukuliwe nyumba moja ya watu waliotoka Unguja baada ya mwaka 1964, nyumba ya kukisia tu, ingawa aliyeishi Uingereza miaka miwili hatashindwa kuitambua. Kaka mkubwa hujiandika Mwafrika mweusi, na haoni la kujadili. Dada yake, aliyelelewa na masimulizi ya babu kutoka Sharqiya ya Oman, hujiandika Mwarabu. Mdogo wao ameoa Mwingereza, na watoto wake huandikwa mchanganyiko. Mama, mwenye asili ya Ngazija, huvisoma visanduku vyote mara mbili, huguna, kisha huandika "nyingine". Siku ya Idi hawa wote hukaa mkeka mmoja, hula pilau moja, na hugombana kwa Kiswahili kimoja juu ya nani aliyeutia mchuzi chumvi nyingi. Jedwali limewagawa mataifa manne. Hakuna hata mmoja aliyedanganya.

Hiyo ni nyumba nyepesi. Nzito ziko kaskazini-magharibi ya mji, Wembley na Harrow, ambako walikaa kwa wingi watu ambao sensa huwaita Wahindi na kuishia hapo. Wengi wao hawakutoka India. Walitoka Nairobi, Mombasa, Kampala, Dar es Salaam na Unguja. Wengine walikuja mwishoni mwa miaka ya 1960, wakikimbizana na sheria ya uhamiaji ya mwaka 1968 ambayo Bunge la Uingereza liliipitisha kwa siku chache ili kuwafungia mlango watu wenye pasipoti za Uingereza hiyohiyo. Wengine, wapatao 28,000, walikuja baada ya Idi Amin kuwafukuza Uganda mwaka 1972, mwaka ambao baraza la mji wa Leicester lilitoa tangazo katika gazeti la Uganda Argus kuwasihi wasiende huko. Watu hawa walifika na vitu vichache mikononi, lakini midomoni walifika na Kiswahili. Katika Kikachi na Kigujarati cha nyumba zao fagio ni fagio na kisu ni kisu. Katika mikahawa ya Wembley muhogo wa kukaanga huuzwa hadi leo kwa jina la mogo, na kuku wa kupaka kwa jina la kuku paka. Mteja aliyezaliwa Gujarat huuliza mogo ni nini. Mteja aliyezaliwa Tanga haulizi.

Je, hawa ni Waswahili? Wakiulizwa wao, wengi watasema hapana, na wana haki ya kusema hivyo. Wakiulizwa kama wanajua Kiswahili, bibi wa miaka sabini na mitano atajibu kwa Kiswahili, tena chenye matusi ya sokoni aliyoyaacha Kariakoo na ambayo wajukuu wa hao wanaojiita Waswahili halisi hawayajui tena. Tofauti ya maswali haya mawili ndiyo kiini cha mgogoro mzima, na wadai wa kisanduku hawajataka kuitazama.

Kisha wapo Wabarawa. Hawa ni watu wa mji wa Barawa katika pwani ya kusini ya Somalia, wasemaji wa Chimwini, tawi la kaskazini kabisa la Kiswahili, ambao vita vya tangu mwaka 1991 viliwatawanya Mombasa, London na Marekani. Katika jedwali la London ni Wasomali, kwa sababu pasipoti zao zilikuwa za Somalia na karani haulizi zaidi ya hapo. Mwezi Juni 2013, wiki mbili baada ya askari Lee Rigby kuuawa Woolwich, kituo chao cha Muswell Hill kiliteketezwa kwa moto, na herufi za kundi la English Defence League zikakutwa zimeandikwa ukutani. Habari zilipotangazwa kilikuwa kituo cha Waislamu, au cha Wasomali. Waliounguliwa walikuwa na tenzi za kidini katika lugha yao, zilizotungwa Barawa tangu zamani na kufundishwa watoto kwa kuimbwa, lakini kwa macho ya mji walikuwa tawi la watu wengine. Leo mama wa Kibarawa akilazwa hospitalini, ni rahisi mno aitiwe mkalimani wa Kisomali, kwani ndivyo karatasi inavyoelekeza. Huenda akamwelewa. Huenda asimwelewe vizuri, akatikisa kichwa kwa adabu, na daktari akaandika kwamba mgonjwa amekubali.

Mkongo wa Bukavu au Lubumbashi naye hudhaniwa msemaji wa Kifaransa. Mrundi hivyohivyo. Kwa hawa Kiswahili hakina cheti wala bendera, kwa hiyo hakionekani.

Mbele ya umati huu, anayedai kisanduku cha Waswahili anapaswa kuulizwa swali moja tu: nani ataingia humo? Mbarawa ataambiwa ana kisanduku cha kwao. Mkhoja wa Unguja ataambiwa ni Mhindi. Mkongo ataambiwa Kiswahili chake ni cha bara, tena kimevunjika. Mluo aliyezaliwa na kukulia Kisauni ataambiwa kuwa kujua lugha si kuwa mwenyewe. Binti wa Kisukuma kutoka Mwanza, ambaye hana lugha nyingine ya kuotea ndoto, hatapewa hata kiti. Watabaki watu wa miji michache ya kale ya pwani na visiwa vyake, na hao nao watatazamana, maana nusu yao tayari wamejiandika Waarabu na hawana nia ya kurudi. Kisanduku kilichodaiwa kwa jina la wote kitajazwa na wachache, na mwisho wa hesabu afisa wa manispaa atapata kisingizio alichokuwa akikitafuta: Waswahili wa London ni watu elfu kadhaa, hawastahili kutengewa fungu la bajeti.

Anayeona maneno haya ni ya kukatisha tamaa na aitazame Kenya, ambako kisanduku kipo. Sensa ya Kenya ya mwaka 2009 iliwahesabu Waswahili 110,614. Sensa ya mwaka 2019 iliwahesabu 56,074. Miaka kumi, na nusu ya watu haipo. Hapakuwa na tauni Mombasa wala gharika Lamu. Akina mama waliendelea kuzaa, na Mji wa Kale haukuhamwa. Kilichobadilika ni namna watu walivyoandikwa na walivyochagua kujiandika, na hilo linatosha kuonyesha jinsi jina hili linavyoteleza likitiwa katika safu za takwimu. Nchini mwao wenyewe, penye wazee, makaburi na misikiti yao ya mawe, kisanduku kimewapunguza nusu. Itakuwaje Newham?

Wala Kenya haikuanza hapo. Historia ya visanduku katika pwani ni ndefu, na haina mahali popote ilipowafaa Waswahili. Serikali ya kikoloni iliwagawa watu kuwa wenyeji na wasio wenyeji, na mgawanyo huo ulikuwa na bei: kodi ya aina gani mtu alipe, kesi yake isikizwe wapi, na baadaye nani apige kura. Thenashara Taifa za Mombasa zilijikuta upande wa wenyeji, wakati majirani waliooana nao kwa karne nyingi walihesabiwa Waarabu. Uwakilishi wa Waarabu ulipotolewa katika Baraza la Kutunga Sheria miaka ya 1920, watu wa Thenashara Taifa waliachwa nje, chama cha pamoja kikavunjika, na ndugu wakaanza kuchunguzana nasaba mbele ya Mzungu. Hyder Kindy aliyaeleza machungu hayo katika kitabu chake cha kumbukumbu za siasa za Mombasa kilichochapwa mwaka 1972, na yeyote anayedai kisanduku angekisoma kwanza. Unguja mambo hayakuwa bora. Kati ya sensa ya 1924 na ile ya 1931 idadi ya waliojiita Waswahili iliporomoka vibaya, si kwa kufa, bali kwa kuwa jina hilo lilikwisha kunuka utumwa na kila aliyeweza alilikimbilia jina jingine. Vita vya Pili vya Dunia vilipoleta mgao wa chakula, kilichoandikwa katika daftari la asili kikaja kuamua nani apate mchele. Watu wakajifunza kwamba asili huliwa.

Yapo majibu ya wasomi kwa hoja hii, na jibu moja ni zito. Alamin Mazrui na Ibrahim Noor Shariff, katika kitabu walichokitoa mwaka 1994, walipinga vikali mtindo wa wataalamu wa Kizungu waliokuwa wakiuliza "Mswahili ni nani?" kana kwamba ni fumbo lisilo na mfumbuzi. Walionyesha kuwa swali hilo lenyewe lilikuwa chombo cha kuwanyima watu kuwepo kwao: Mswahili akijitaja huambiwa si Mwafrika kamili, akinyamaza huambiwa hayupo. Walikuwa sahihi. Lakini kutoka hoja yao hadi kisanduku ni safari ambayo wao hawakuifanya. Walichokitetea ni watu ambao utambulisho wao ulikuwa mpana, wenye kumpokea mgeni na kumfanya mwenyeji kwa lugha, makazi na mwenendo, tofauti kabisa na nasaba za kikoloni zenye kupima damu. Mtu hawezi kuushika upana huo kwa mkono mmoja na kwa mkono mwingine akaomba chumba chenye kuta nne. Kisanduku cha asili hakijui kupokea mgeni.

Na hapa pana jambo la kufurahisha, kama si la kusikitisha. Mwezi Oktoba 2021, miezi saba baada ya sensa, Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja aliyefika Uingereza katika miaka ya 1960 na kuishi Canterbury, alipata Tuzo ya Nobeli ya Fasihi. Kwa wiki nzima magazeti ya nchi mbalimbali yalivutana: Mtanzania, Mzanzibari, Mwingereza, wengine wakamtafutia Uyemeni wa mababu. Kila mmoja alikuwa na kisanduku mkononi na alitaka kumtia Gurnah ndani. Waliokuwa wakilalamika kwa sauti kubwa kuliko wote dhidi ya mchezo huo walikuwa Waswahili wa ughaibuni. Baadhi yao ndio hao leo wanaotaka mchezo uendelee, mradi kisanduku kiwe chao.

Kosa halisi la sensa ya London liko pengine, katika swali ambalo halizungumzwi barazani. Tangu mwaka 2011 sensa ya England na Wales huuliza: lugha yako kuu ni ipi? Mtu anaweza kutaja moja tu. Akitia alama kwenye Kiingereza, swali limekwisha. Haulizwi nyumbani husema nini, wala mama yake humpigia simu kwa lugha gani. Muuguzi kutoka Dodoma afanyaye kazi miaka kumi na mitano katika hospitali ya London, anayeandika ripoti kwa Kiingereza kutwa na kuwatuliza wanawe kwa Kiswahili usiku, atajibu nini? Akiwa mkweli kwa kazi yake atasema Kiingereza. Akiwa mkweli kwa moyo wake atasema Kiswahili, kisha ataona aibu, kwa kuwa swali linalofuata huuliza anajua Kiingereza kwa kiasi gani, na hapo huhisi kama anajieleza kwa afisa wa uhamiaji. Wengi husema Kiingereza. Mwaka 2021 watu 91.1 katika kila 100 wa England na Wales waliandikwa kuwa lugha yao kuu ni Kiingereza, au Kiwelisi kwa waliokuwa Wales. Ndani ya tarakimu hiyo wamezikwa Waswahili wasiojulikana idadi, pamoja na Wayoruba, Wapunjabi na Wabengali waliozaliwa hapo na wanaozungumza lugha mbili bila kutokwa jasho.

Swali la lugha kuu hudhania kwamba kichwa cha binadamu kina kiti kimoja. Kwa lugha nyingine dhana hiyo ni kosa la kawaida. Kwa Kiswahili ni kosa la kufisha. Hii ni lugha iliyoenea kwa sababu ilikubali kuwa lugha ya pili ya watu. Ilipanda bara na misafara, ikaingia makambini, migodini, mashuleni na makanisani, ikasemwa na watu waliokuwa na lugha nyingine nyumbani na ambao hawakuona haja ya kuchagua. Kila tarehe 7 Julai, siku iliyotengwa na UNESCO, hotuba hutolewa London kama kwingineko kwamba Kiswahili kina wasemaji zaidi ya milioni 200. Wanaotoa hotuba hizo hawajiulizi milioni hizo zingebaki ngapi kama zingepimwa kwa rula ya sensa ya London. Wakulima wa Kisukuma wangetoka. Wafanyabiashara wa Kihaya wangetoka. Kampala nzima ingetoka. Rula inayotumika kujisifia ni nyingine, na rula inayotumika kuhesabiwa ni nyingine, na katikati yake watu wanashangaa mbona ni wachache.

Hili si jambo la heshima tu. Idadi ya lugha ndiyo hutazamwa na manispaa inapoamua vitabu vya lugha gani viwekwe maktaba, mahakama inapotafuta wakalimani, hospitali inapochagua vipeperushi vya kutafsiri, na shule inapotakiwa kueleza kwa nini mtoto afundishwe lugha hii na asifundishwe ile. London ina chuo cha SOAS, ambacho kimefundisha Kiswahili kwa takriban karne moja, kwanza kwa maafisa waliokuwa wakienda kuwatawala wenye lugha. London ndiyo iliyorusha matangazo ya kwanza ya Idhaa ya Kiswahili ya BBC mwaka 1957. Mji unaokijua Kiswahili kwa muda wote huo, kama somo na kama sauti ya redio, haujawahi kuuliza kwa usahihi ni wakazi wake wangapi wanaokisema jikoni.

Wala haiwezi kusemwa kuwa Uingereza haijui kuuliza. Kwa Kiwelisi inajua vizuri sana. Tangu mwaka 1891 sensa ya Wales huuliza kuhusu kusema Kiwelisi, na siku hizi huuliza mambo yote: mtu anakielewa, anakisema, anakisoma, anakiandika? Haimlazimishi kukifanya kuwa lugha kuu. Kwa swali hilo walipatikana wasemaji 538,000 mwaka 2021, na kwa idadi hiyo shule na televisheni za Kiwelisi hudai haki zao. Lau Kiwelisi kingeachiwa rehema ya swali la lugha kuu, wasemaji wake wangapi wangejitokeza? Wawelisi walilijua hilo mapema na walipigania swali lao. Walipigania ulimi, na mtoto wa Msomali aliyezaliwa Cardiff na kusoma shule ya Kiwelisi amo katika hesabu hiyo, sawa na mjukuu wa mchimba makaa.

Scotland nayo, katika sensa yake ya mwaka 2011, iliuliza kama mtu anatumia nyumbani lugha nyingine zaidi ya Kiingereza. Marekani huuliza vivyo hivyo tangu mwaka 1980. Huko hesabu huwa na kasoro zake: katika baadhi ya majedwali Kiswahili hutiwa kapu moja na lugha zote za Afrika ya Kati, Mashariki na Kusini, Kishona na Kirundi humo humo, kisha kapu likapewa jina la Kiswahili kwa kuwa ndilo Wamarekani wanalolijua. Ni uvivu, lakini angalau swali lenyewe halimnyimi mtu lugha yake kwa sababu anajua na Kiingereza. Minneapolis na Columbus muuguzi yule wa Dodoma angeonekana. London haonekani.

Watetezi wa kisanduku watasema kuwa yote mawili yadaiwe pamoja, asili na lugha, pasiwe na ugomvi. Maneno ya upatanishi hupendeza, lakini maombi kwa Ofisi ya Takwimu hayafanyiki hivyo. Nafasi katika dodoso ni chache na kila mstari una gharama. Kati ya maombi 55 ya mwaka 2021 yaliyofika mwisho ni moja. Jamii ndogo isiyo na wabunge wala fedha inayoomba kisanduku itashindwa, na itakuwa imezitumia nguvu zake zote kwa kushindwa huko. Ikiomba swali la lugha lirekebishwe, haitakuwa peke yake. Nyuma yake watakuwapo Wabengali wa Tower Hamlets, Wagujarati wa Harrow, Wayoruba wa Peckham, Wapolandi na Wareno, kila mwenye nyumba ya lugha mbili. Swali hilo halimtaki Mbarawa amkane Msomali. Halimwulizi Mkhoja kuhusu damu ya babu yake. Dada anayejiandika Mwarabu na kaka anayejiandika Mwafrika mweusi watajibu neno moja, kwa mara ya kwanza, kwenye karatasi ya serikali.

Sensa ijayo ni ya mwaka 2031. Maswali yake hayataandikwa mwaka huo. Huandikwa miaka kadhaa kabla, katika kipindi cha maoni ambacho jumuiya za Waswahili kwa kawaida hukisikia kikiwa kimekwisha. Barua inayohitajika ni fupi, na ombi lake lingetosha sentensi moja: swali la lugha kuu liondolewe, na mahali pake liwekwe lile la Scotland la mwaka 2011, likiwa na nafasi ya kutaja lugha zaidi ya moja, Chimwini na Kingwana zikubaliwe kama zilivyoandikwa na mwenyewe kisha zijumlishwe katika Kiswahili. Na barua hiyo itiwe saini Wembley na Muswell Hill pia, pamoja na mahali pale ambapo Waswahili hukutana kulalamika.